Pinki ya Brashi

Kinyozi hajinyoi. Fundi rangi huyu, ambaye wenzake walimwita Brashi, alipendezesha nyumba za watu kwa miaka thelathini huku mwenyewe akiishi ndani ya kuta za saruji tupu. Tangu mkewe aondoke na binti yao wa miaka sita, hakuona sababu ya kupaka chochote. Ampakie nani?

Halafu binti akapiga simu. Amepata chuo, na kutoka kwa baba yake ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Jumamosi angekuja kukiona chumba, na kikimfaa, ahamie kwa miaka mitatu. Brashi aliitikia kwa sauti ya kawaida, akakata simu, kisha akaenda kukipima chumba.

Kuchagua rangi hakukumpa shida. Binti alipokuwa mdogo hakutaka kitu kisicho cha pinki, hata kikombe. Tena Brashi alikuwa na imani yake: aliwahi kupaka pinki chumba cha mke na mume waliogombana kutwa kucha, akaapa kwamba wiki ya pili ugomvi uliisha. Mume alikuwa amepata kazi ya mbali, lakini hilo usimwambie.

Alipaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, tena rangi ya mafuta, maana ya maji huchakaa upesi na yeye alitaka ya kudumu. Alipomaliza Ijumaa alikaa katikati ya chumba, na moyo ukatulia kweli. Alijikuta anatabasamu peke yake, akaona aibu.

Binti alifika, mrefu kuliko mama yake. Alizungusha macho, akasema pamependeza. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, akatoka mbio hadi uani, akatoa dawa ya kuvuta mkobani na kuitia mdomoni.

"Baba, mimi nina pumu," alisema pumzi iliporudi. "Tangu nina miaka minane."

Brashi hakujua. Asiyekuwepo na lake halipo. Alijitetea kwa unyonge kwamba yeye hasikii harufu yoyote, rangi ilishamuua pua zamani.

Masomo yalianza Jumatatu, hivyo binti akaenda kukaa kwa mama yake mdogo, upande wa pili wa mji. Wakati wa kuagana alimshika baba yake mkono, akasema harufu ikiisha amwambie, atakuja.

Sasa ni wiki ya nne. Kila asubuhi Brashi hufungua madirisha, jua likaingia, na chumba kikawaka hata uso wake ukaonekana wa kijana. Hakimtulizi tena. Majirani alishawatangazia kwamba binti anahamia, kwa hiyo anaona haya kuwaita waje kunusa. Husimama katikati, simu mkononi, akavuta pumzi kwa nguvu. Pua haimwambii kitu, na ndani ya nyumba hamna mwingine wa kumuuliza kama bado inanuka.