Filimbi ya Baba

Nikinusa moshi wa bani la kukaushia tumbaku, kiganja changu hukumbuka tumbo la baba. Alikiweka pale, akapuliza filimbi yake ya mwanzi.

"Sauti haitetemeshwi na midomo, mwanangu. Inatokea huku. Sikiliza kwa mkono."

Tumbo lilicheza taratibu, likakwama kidogo, likaendelea. Nikajifunza yote, hata kule kukwama. Sikujua kwamba ni kifua kilichokuwa kimeanza kumbana.

Jana nilipuliza wimbo ule wa baba, pamoja na kukwama kwake, uani kwetu Ilembo. Mama aliweka ungo wa mchele chini, akaenda kubandika maji ya tangawizi, kama alivyomfanyia baba kila kifua kilipombana, hadi tulipomzika. Maji yakachemka. Nikaogopa kuacha kupuliza, asije akakumbuka kwamba baba hayupo.