Kuitwa Butoyi

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, zinazokaangwa kwa mawese hunirudisha Buyenzi, kwenye baraza ambako mama aliwauzia wapita njia, nami nikikaa kando yake. Wateja walipenda kuniuliza jina. Nikisema Butoyi, swali lililofuata lilikuwa lile lile: "Na Bukuru iko wapi?"

Kwetu Burundi jina hilo halifichi kitu. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi; ukimsikia mmoja, unamtafuta mwingine kwa macho. Bukuru wangu alikuwa milimani kwa bibi, alikopelekwa likizo kabla vita havijafunga barabara. Mama aliwajibu kwamba angerudi njia ikifunguka.

Njia ilipofunguka, alikuja mjomba peke yake. Walikuwa wamekimbilia msituni, akasema, na homa ikamchukua Bukuru huko huko.

Watu hawakuacha kuuliza. Tulipohamia Buterere, nikawaambia watoto wa jirani kwamba ninaitwa Zawadi. Nikaruka nao kamba, na hakuna aliyetazama nyuma yangu kuona nani anakuja. Lakini nikirudi ndani nililala kwenye mkeka ule ule wa watu wawili, nimejibana upande wangu wa ukutani, upande wa pili ukiwa baridi.

Siku moja watoto wakaja mlangoni kumwita Zawadi. Mama akawaambia kwa upole kwamba hapo hakuna mtoto wa jina hilo. Walipoondoka alinitazama, akingoja.

"Mi sitaki tena kuitwa Butoyi," nikasema. "Kila mutu ananiuliza."

"Waache waulize," akasema. "Na mi, nani ataniuliza?"

Sikumwelewa. Nililirudia jina langu kwa kumtii tu, na nililibeba kama mtoto anavyobeba ndoo inayomzidi.

Nimekuja kuelewa ukubwani, nami nikiwa mama. Tangu siku aliyokuja mjomba, hakuna aliyethubutu kumtaja Bukuru mbele ya mama. Majirani walinyamaza kwa huruma, mimi kwa woga. Ni wageni tu, wasiojua lolote, waliosikia jina langu wakamwuliza habari za binti yake. Basi mama aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi, akawaeleza bila haraka: alikuwa mwembamba kunishinda, hakupenda maziwa, alicheka hata usingizini, na ndiye mkubwa.