Mpunga wa Mama, Mikorosho ya Baba

Mama yangu aliolewa Lupaso akitokea Newala, huko juu ambako maji walikuwa wakiteremka mlima kuyafuata. Baba alipomwonyesha bonde lenye matete nyuma ya shamba lake, mama alicheka peke yake kwa furaha. Masika bonde lilijaa, tukapanda mpunga. Kiangazi lilipunguka, tukalima mchicha kwenye unyevu uliobaki, na kambale tukawakamata kwa mikono topeni. Chungu chetu hakikukaa kitupu.

Kisha mvua zikaanza kuchelewa. Msimu mmoja mbegu ziliungua ardhini. Uliofuata, miche ilichomoza ikakauka ingali mifupi kama kidole. Matete yakageuka majani makavu, udongo ukapasuka. Njaa ilipobana, mama alitwanga hata mpunga aliouweka wa mbegu.

"Bonde limekufa," baba alimwambia. "Nitalipanda korosho."

"Baba watoto, halijafa. Mvua ndiyo imepotea njia, itarudi. Na mkorosho hautaki kusimama majini."

"Maji gani? Nionyeshe."

Baba akachoma matete, akafukia mfereji ambao mama alikuwa akiuzibua kila mwaka, akapanda. Mama alisimama pembeni, jembe begani.

Mikorosho ilishika vizuri. Ilikuwa imeanza kutoa maua ya kwanza pale masika mengine yalipokuja kwa hasira, mvua ya msimu mzima ikamwagika kwa siku chache. Maji yaliporomoka kutoka mashamba ya juu. Hapakuwa na matete ya kuyapunguza kasi wala mfereji wa kuyapitisha. Yakabomoa jiko letu, yakarudi kutuama bondeni hadi kipupwe. Mikorosho ikawa ya manjano, ikapukutisha majani, ikafa imesimama.

Baba alitoka kuitazama, akarudi na uchungu wote akamtupia mama.

"Si ulisema maji yatarudi? Haya, yamerudi. Panda mpunga wako!"

"Nipande nini?" mama alimjibu taratibu. "Mbegu tuliila."

Baba akavuta kiti akakaa, akampa mgongo.

Jioni majirani walikuja kumpa pole ya mikorosho yake. Walimwamkia mama shikamoo, wakampita, wakaenda kuketi na baba. Mama akawapikia uji juu ya mafiga matatu uwanjani, nami nikawapelekea vikombe. Pole ya mpunga hakuna aliyempa.