Dakika za Kufuta Ubao

"Shilingi ishirini silipi," mzee mmoja wa mtaa wa Langas alikuwa akimwambia mama mwenye saiba, duka la intaneti, hapa mjini. "Profesa alikuwa anafuta ubao. Hapo nimesoma nini?"

Mzee huyu hufuata hesabu za chuo kikuu kwa video za bure mtandaoni, ila kompyuta hulipiwa kwa dakika. Duka lake lilichomwa wakati wa fujo za uchaguzi, naye husema hesabu haichomeki.

"Mzee, kompyuta haijui ubao," mama alimjibu. "Inajua dakika."

"Basi mwambie profesa anunue ubao mkubwa."

"Mwambie wewe. Ni mwalimu wako."

Tangu zile fujo, mji huu hauna mtu ambaye hajapelekwa semina ya upatanishi. Mimi nina fulana mbili za amani. Niliacha kompyuta niliyokuwa nikiitumia, nikasimama katikati yao, nikawasikiliza mmoja mmoja kama tulivyofundishwa, kisha nikasema wazi, maana sipendi kuzungukazunguka: "Mzee, dakika ni dakika. Lipa."

Mzee alilipa, akanishika mkono. Mama naye akanishika mkono. Halafu akachungulia kompyuta niliyoiacha ikihesabu, akaniongezea shilingi ishirini za kulipa.

"Lakini nilikuwa nawapatanisha," nikamwambia.

Mzee ndiye aliyenijibu, tena kwa upole. "Dakika ni dakika, ndugu yangu."

Nililipa, lakini sikukubali. Yeye alikaa akitazama mtu akifuta ubao. Mimi nilikuwa nikijenga taifa. Mama, nirudishie shilingi zangu ishirini.