Maombi kwa Ajili ya Watu wa Chomboni

Hadithi yangu ilianza vizuri, ikaharibika mtu wa kwanza alipokufa. Watu mia mbili wamo ndani ya chombo cha angani, wameiacha dunia zamani, na watakaofika kwenye nyota nyingine ni vitukuu vyao. Babu mmoja anafariki. Atazikwa wapi na udongo hakuna? Siku tatu nilihangaika chumbani kwangu mjini, mtaa wa Themi, nikichemsha chai na kuiacha ipoe, nikikaa mezani na kunyanyuka tena. Mwishowe nikaandika kwamba walimchoma kwenye tanuri la chombo na joto lake likawachemshia wengine maji. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hesabu ilikubali. Moyo ndio uliokataa.

Sababu naijua, sina haja ya kuzungukazunguka. Juu ya kabati langu, nyuma ya madaftari ya wanafunzi, kulikuwa na kopo la bati lenye majivu ya kaka yangu. Alifia ughaibuni, katika nchi ya baridi. Mwili ulikaa wiki nyingi, njia ya kuuleta nyumbani haikupatikana, na rafiki zake waliponipigia simu kuniuliza, ni mimi niliyesema sawa, mchomeni, mniletee majivu. Kisha nikamwambia mama yetu kwamba mwanawe amezikwa, mchungaji alikuwepo, na wameimba. Hata wimbo nilimtajia. Miaka minne nililala chini ya kopo lile na uongo ule.

Mama yetu sote tunamwita Yeyo. Anaishi upande wa magharibi wa Mlima Meru, na huko kwetu mtu huzikwa migombani, hatua chache kutoka mlangoni, ili watoto wacheze karibu naye na mbuzi wafukuzwe juu yake. Macho ya Yeyo yameingia ukungu, hivyo kila Jumamosi mimi hupanda kwenda kumsomea. Kwanza Biblia, halafu yeye husema, "Haya, sasa nisomee na ya kwako." Vitabu vyote viwili huvihoji kwa ukali uleule. Kama Mungu hakutaka ule mti uguswe, kwa nini aupande katikati ya bustani? Na hao watu wako wa angani, wanaishije bila ng'ombe hata mmoja?

Siku niliyomsomea habari za tanuri alikuwa akipukuchua maharage. Mikono ikasimama.

"Wamemchoma?"

"Hakuna udongo kule, Yeyo."

"Na siku ya parapanda ataitwa kutoka wapi?"

Nikajitia ualimu. Nikamwambia imeandikwa kwamba hata bahari itawatoa wafu wake, na bahari haina makaburi. Nikamwambia hakuna chembe inayopotea ulimwenguni, kila kitu hubadilika umbo tu. Hata udongo huu tunaolima, nikasema, ni majivu yaliyotapikwa na mlima. Maneno hayo nilikuwa nimejiambia mwenyewe mara nyingi, na hayakuwahi kunisaidia kulala.

"Sikukuuliza habari za chembe," akasema. "Mtu huitwa mahali alipo. Yeye yuko wapi?"

Nikasingizia kwamba nimekumbuka kazi za wanafunzi za kusahihisha, nikashuka mjini kabla hata ya kunywa uji.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea jumuiya ya maombi. Majirani kama kumi na watano walikaa kwenye mabenchi uani, shuka mabegani kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Baada ya neno ukafika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi. Mmoja alitaja goti lake, mwingine mvua, mwingine mtihani wa binti yake. Kisha Yeyo akainuka na fimbo yake.

"Bwana Yesu asifiwe. Naomba tuwaombee watu fulani walioko safarini. Ni wengi, wana watoto, na hawana ardhi ya kuzikia. Wanawachoma wapendwa wao."

Watu wakaguna kwa huruma. Nikafungua kinywa niseme jamani, hao nimewatunga mimi, hawapo! Nikakifunga. Mzee wa jumuiya, ambaye akianza kuomba hana breki, alikuwa ameshafumba macho. Akawaombea wasafiri chakula, afya na kiongozi mwema. Mwishoni akaongeza, "Na kijana wa nyumba hii aliyelala mbali, ee Bwana, ubariki udongo uliompokea."

Amina ilikuwa kubwa. Nikatoka nje ya ua, nikawa natembea kwenda na kurudi kando ya mfereji kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Jumamosi mbili zilizofuata, nikipanda kwa Yeyo, majirani walinisimamisha njiani. "Wale ndugu zetu wa safarini vipi, wameshapata mahali?" Nikawa najibu, "Bado, tuendelee kuomba." Nilijaribu kuifuta ile sura, niwape watu wangu udongo kidogo walioubeba kwenye pipa, lakini kila nilipoinua kichwa niliona kabati. Uongo wa kitabuni niliweza kuusahihisha kwa kalamu. Ule mwingine ulitaka miguu.

Jumamosi ya tatu nikaliweka kopo kwenye begi, nikapanda mlima. Hata Biblia sikuifungua.

"Shikamoo, Yeyo. Kaka hakuzikwa. Alichomwa. Mimi ndiye niliyekubali."

Fimbo yake ikatua gotini kwangu, na haikuwa ya mzaha.

"Miaka minne umeniacha nabariki udongo wa watu!"

"Nisamehe."

"Yuko wapi?"

Nikamwekea kopo mapajani. Alilishika kwa mikono miwili, akalipima uzito, akalishusha, akalipima tena. "Alizaliwa mzito kuliko hivi," akasema, ndipo akalia, na mimi nikalia, machozi ambayo tangu ile simu yalikuwa yakingoja tuyalie pamoja.

Baadaye nikachukua jembe, nikaenda migombani kando ya kaburi la baba. Nilikuwa nimechimba kidogo tu nilipousikia mwendo wa fimbo ya Yeyo nyuma yangu. Nyuma yake alikuwapo mzee wa jumuiya na majirani watatu, wamekuja na majembe yao. Yeye ndiye aliyewaita na kuwaambia kila kitu. Yeyo akaingiza fimbo kwenye shimo, akalipapasa upande hadi upande.

"Unapanda mgomba?"

"Kopo ni dogo, Yeyo."

"Sikuzaa kopo. Nilizaa mtu. Lala hapo."

Sikuelewa. Mzee wa jumuiya akanionyesha nyasi kwa kidole, nikajinyoosha chali kwenye umande, ualimu wangu wote umeniisha. Yeyo akainama, akapapasa nyayo zangu, akachora mstari kwa fimbo. Akaja taratibu mpaka kichwani, akapapasa utosi wangu, akapima shubiri moja zaidi juu yake, na hapo akachora mstari wa pili.

"Huyu mdogo," akawaambia wenye majembe. "Mwenzake alimzidi kimo. Anzeni hapa."