Malaika wa Mzee Hamadi

Siku ile naikumbuka kwa aibu yake, mwanangu, maana tarehe nimeshaisahau. Nilikuwa msichana wa Nyamirambo, hapa Kigali, binti wa fundi cherehani, nimepata kazi mtaa wa Remera, nyuma ya njia panda ya Gisimenti, katika chumba cha kuhifadhia mimea mikavu. Maua ya milimani yalikuja kwa basi la Musanze mpaka stendi ya Nyabugogo, yamebanwa ndani ya magazeti, nami nikiyabandika kwenye karatasi ngumu. Kujua lipi ni lipi ilikuwa kazi ya Mzee Hamadi.

Mzee Hamadi alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka tukawa tunakiogopa. Sisi wa Kigali, unatujua, kila kitu "iko". Ua iko, watu iko, mvua iko. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na siri hiyo aliniambia mimi peke yangu. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na mkuu wetu angekuja Alhamisi kukagua kazi kabla ya kuuongeza.

Wiki hiyo likaja furushi la maua ya lobelia kutoka milima ya Birunga. Kwetu zote ni intomvu, basi. Yeye akasema hapana, ni ndugu wawili wa tumbo moja, na kila mmoja ana jina lake.

"Zitenge, binti yangu," akaniambia. "Moja ina malaika, yamejaa kwenye ua mpaka kwenye kikonyo. Nyingine haina malaika hata kidogo. Umenielewa?"

"Ndiyo, muzehe. Iko sawa."

Mwanangu, sikuelewa hata chembe. Malaika niliowajua ni wale wa madrasa, wa kulia na wa kushoto, wanaoandika amali zetu. Wamejaaje kwenye kikonyo? Nikadhani ni mambo ya watu wa pwani, labda ua moja ni la dua na jingine ni la laana. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi niliogopa kuonekana binti asiyejua dini yake.

Basi nikasoma Bismillahi, nikaanza. Buluu hii, buluu ile. Ua likinipa utulivu, nikaliweka kulia. Likinitia wasiwasi, kushoto. Usinicheke! Nilipofika la ishirini nikaona yale ya kulia nayo yananitia wasiwasi, nikayahamisha. Kisha nikayarudisha. Kufika adhuhuri hata moyo wangu mwenyewe nilikuwa siuamini. Nikabandika hivyo hivyo, nikaandika majina aliyonipa mzee kwa mwandiko mzuri sana.

Alhamisi mkuu akaja, mama mmoja mpole. Akainamia karatasi ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza.

"Mzee, hizi zimechanganywa zote. Nani amezitenga?"

Nilisimama na brashi ya gundi mkononi, ulimi umekufa.

"Mimi, mama," akasema Mzee Hamadi. "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Yule mama alipotoka, mzee akaniuliza taratibu, "Binti yangu, malaika hukuyaona?"

"Muzehe, malaika mtu anaona je? Iko mbinguni!"

Akanishika mkono, akapitisha kidole juu ya vinyweleo vyangu, vile laini kabisa. "Haya ndiyo malaika. Nilisema yamejaa. Wale wa Mungu ningesema wamejaa." Akacheka mpaka akafuta machozi, halafu kicheko kikaisha. "Neno moja tu, binti yangu. Ungeniuliza neno moja tu."

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu nikaungama yote. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Na macho yake, ni kweli hayaoni?" Sikuweza kusema uongo. Mkataba haukuongezwa, na Mzee Hamadi akarudi Tanga. Majuto ni mjukuu. Mpaka leo najiuliza kwa nini alinifichia kosa langu kwa kufichua siri yake.

Lakini hili nalijua, mwanangu. Kutoelewa si kosa langu, maana "ya" na "wa" kwetu Kigali ni kitu kimoja. Kosa langu la kwanza ni ile "ndiyo" niliyoitikia bila kuelewa. La pili, ambalo ndilo zito, ni kunyamaza pale alipoulizwa nani. Ningesema "mimi" kabla yake, macho yake yasingetajwa. Usipoelewa, sema hujaelewa, hata wakucheke. Ukikosea, jitaje wewe kwanza, hapo hapo, maana ukweli wa kesho yake haukuwa na faida tena kwake.

Mungu akujalie, mwanangu, ujasiri wa neno fupi kwa wakati wake, na asikufikishe mahali ambapo mkate wa mwenzako unategemea ulimi wako nawe umenyamaza. Amina.