Mfalme wa Adams Arcade

Nilifunga safari kwa sababu nilihitaji kazi. Shule niliyokuwa nikifundisha Kangemi ilikuwa imefungwa, na mama mmoja wa Adams Arcade alitafuta mwalimu wa Jumamosi wa kumfundisha mtoto wake historia. "Anapenda wafalme wenye nguvu, wa dunia nzima," alinieleza kwa simu. "Lakini yeye ndiye ataamua kama utabaki. Ashakataa walimu wengine, na mimi siwezi kumlazimisha." Nikauliza ana umri gani. Miaka saba.

Kangemi, asubuhi. Nilikuwa nimetengeneza taji kwa katoni ya mafuta ya kupikia, nikalipaka rangi ya dhahabu. Ndani ya gari lingebondeka, kwa hivyo nikaenda kwa miguu. Mikononi nilibeba chati za Farao na mfalme wa Mali, taji likakaa kichwani. Waiyaki Way watu walinipisha kwa heshima ambayo sijaizoea.

Muthangari. Askari wa geti moja, mtu wa kwetu magharibi, alinitazama toka juu hadi chini.

"Mulembe, madam. Unatawala wapi?"

"Bado natafuta."

"Hata hapa hakuna nafasi," akasema, akanionyesha njia ya mkato.

Adams Arcade, saa nne. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, miguu haifiki chini.

"Huyu ndiye Baba," mama akasema.

Desturi hiyo naijua. Wakikuyu humpa mtoto wa pili wa kiume jina la babake mama, na baba wa mama huyu alifariki muda mfupi kabla kijana hajazaliwa.

"Sasa nitamgombezaje, mwalimu? Huyu si ni mzazi wangu?"

Hakuwa anatania.

Nikaanza na Farao. Baba akapiga miayo. Nikaingia Mali na dhahabu yake yote.

"Huyo pia simtaki," akasema. "Chai."

Mama akainuka kuleta chai. Nikaona kazi inaniponyoka hivi hivi. Basi nikamvika kijana taji.

"Sasa wewe ndiye mfalme. Mfalme hashuki kitini ovyo. Na hali kitu mpaka mtu aonje kwanza." Nikaonja chai. Nikaonja na mandazi, bila haraka. "Watu wakiwa na kesi, anawasikiliza mpaka mwisho."

Nikamwambia mama alete kesi yake. Alianza na jirani na maji ya tangi, akaingia kwa wakwe, akaenda mpaka harusi ya dadake. Jamani, mama yule alikuwa na kesi! Huko nje watoto wa ploti walikuwa wanapiga mpira. Mfalme akageukia dirisha.

"Mwalimu, wafalme hucheza saa ngapi?"

"Hawachezi. Wana watu wa kusikiliza."

"Hata wa Mali?"

"Huyo ndiye kabisa."

Akavua taji, akaliweka mezani, akashuka. Akasimama mbele ya mamake.

"Mum, naeza enda kucheza nje?"

Mama aliliangalia taji pale mezani. Niliogopa kweli, maana nilikuwa nimemtoa babake kitini mbele ya macho yake.

"Enda," akasema mwishowe.

Mlango ulipofungwa akajifuta macho kwa kitambaa cha jikoni. "Mwalimu, baba yangu hakuwahi kuniomba ruhusa ya kitu. Hata siku moja." Akanimiminia chai. "Jumamosi uje. Lakini usimfundishe yote haraka. Kuna mambo sikumaliza kumwambia."

Kurudi, alasiri. Nilipita Muthangari nikiimba peke yangu, kwa furaha ya kupata kazi. Nilichojifunza ni kwamba mfalme mwenye nguvu hahitaji jeshi la kumng'oa. Mpe kesi za watu wazima, mkalishe karibu na dirisha, halafu subiri.

Nyumbani mume wangu, Wafula, aliniuliza nimefundisha wafalme wangapi.

"Mmoja," nikamwambia. "Nimemwacha nje anacheza."